Geo Milev kanikosesha usingizi

Jamani huyu mshairi wa Bulgaria, Geo Milev, nimemsoma jana usiku nikajikuta saa nane bado niko macho. Jamaa alipoteza jicho la kulia kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, akapelekwa Berlin kutibiwa, kule akakutana na wale wasanii wa ekspreshonizimu (sanaa ya kumwaga hisia kali badala ya kuchora dunia ilivyo), karudi Sofia kaanzisha jarida la Vezni, mambo ya sanaa tu, siasa kando.

Halafu ikaja 1923. Juni serikali ya wakulima ikapinduliwa, waziri mkuu Stamboliyski akauawa, Septemba watu wakainuka wakasagwa vibaya sana. Ndo hapo kalamu yake ikabadilika kabisa. Shairi lake la Septemvri (yaani Septemba), la 1924, mistari imekatwakatwa, mingine neno moja tu, unasoma kama mtu anayehema huku anakimbia risasi. Kuna padri mle, Andrei, anapiga mzinga, na kombora la mwisho analielekeza kanisani kwake mwenyewe alikokuwa akiimba misa! Niliacha simu kidogo hapo.

Jarida lake jingine, Plamak, lililotoa shairi hilo, likakamatwa, yeye akahukumiwa mwaka mmoja jela, na kesho yake, Mei 1925, polisi wakamwita eti mahojiano mafupi. Hakurudi. 1954 ndo lilifukuliwa kaburi la pamoja nje ya Sofia, wakamtambua kwa lile jicho la kioo.

Wanaosema ushairi wa kisasa ni michezo ya maneno ya watu walioshiba, mi naomba waanze na huyu.