Skrini iliyopotelea juani

Mwaka jana nilitengeneza programu ndogo ya kuagiza nafasi za boti kati ya Lamu na Mokowe. Niliichora usiku ndani, taa ya chumbani ikiwaka, na rangi nikaitoa kwenye maji ya Shela: feruzi juu ya nyeupe. Nilijisifu mwenyewe.

Asubuhi nikashuka gatini kumwonyesha nahodha mmoja, rafiki wa ami yangu. Akaipokea simu kwa mkono uliolowa maji ya chumvi, akaigeuza huku na huku, mwisho akavua kofia akaikingia jua.

"Mwanangu, hapa pana nini? Mimi naona karatasi."

Nikachungulia. Kweli, karatasi.

Niliporudi ndipo nikapima, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, unataka mwangaza wa maandishi ya kawaida na wa rangi ya nyuma yake utofautiane angalau 4.5 kwa 1; maandishi makubwa, 3 kwa 1. Feruzi yangu ilikuwa 1.6 tu. Nikaandika kila kitu kwa buluu iliyokoza, feruzi nikaibakiza kwenye utepe wa juu ambako hakuna la kusomwa. Iliniuma, nisiseme uongo.

Kosa la pili alikuwa ameliona nahodha mwenyewe asubuhi ile, tulipoingia kivulini. Bei ilikaa katikati kabisa ya majina ya boti mbili. "Hii yangu au ya huyu wa chini?" Nilitegemea vijistari hafifu vitenganishe. Mwanasaikolojia Max Wertheimer aliandika mwaka 1923 kwamba vitu vilivyokaribiana jicho huvihesabu kundi moja, nami nililisoma hilo nikalipita. Kumbe gatini liko wazi: mizigo imetapakaa, hakuna aliyechora mstari, na bado unajua gunia lipi ni la nani kwa aliyesimama karibu nalo. Basi nikafuta mistari yote. Bei nikaisogeza chini ya jina la boti yake, pikseli 8 tu, na kati ya boti na boti nikaacha 24.

Vitufe vya "Lipa" na "Ghairi" vilikuwa vidogo na vimebanana. Google hupendekeza kitufe kisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha vitu kwenye skrini), kama milimita 9 hivi, na hapo hawajahesabu boti inayoyumba. Nikavikuza, nikavitenga. Saa nazo nikazibadilisha, ingawa hilo si la rangi wala nafasi: 07:00 ikawa saa 1 asubuhi, maana kuna mtu angesoma saa saba akaja mchana.

Nikamrudia nahodha jua la utosi. Safari hii hakuvua kofia. Akasoma taratibu, kidole kikishuka, akafika chini, akapanda tena juu.

"Jina la boti yangu umelikosea," akasema, akanirudishia simu.