Atakayelala humu

"Kizuri. Atakayelala humu atapata upepo."

Alisema Bibi, Jumapili, Goba, akiwa amesimama katikati ya chumba nilichomchagulia. Tangu siku hiyo wakaguzi wa hesabu wameingia ofisini na kutoka, wifi yangu mdogo ametolewa mahari, Baba Idi amepewa barua ya kuhamia tawi la Ubungo, na mimi bado niko ndani ya chumba kile namsikiliza mama mkwe wangu.

Mnaonifuata siku nyingi mnaijua hii nyumba yetu ya Sinza Mori: vyumba viwili na sebule, ukuta mmoja na baa. Mnajua pia kwamba Bibi alipokuja kutoka Muheza kutibiwa macho alikuja na begi la siku chache. Macho yakatibiwa, moja kisha la pili, begi likapandishwa juu ya kabati. Analala na watoto. Sasa Idi yuko darasa la sita, ameanza kuona haya kuvua shati mbele ya bibi yake. Anavalia bafuni, anatoka humo nguo zimemganda mwilini. Hilo ndilo lililotutoa kutafuta nyumba. Kelele tungezivumilia kama wanavyozivumilia wenzetu wa mtaa mzima. Mzee mwenye nyumba hupenda kutusimulia kwamba alipopata kiwanja hiki miaka ya 1970, kwenye ule mradi wa viwanja wa fedha za Benki ya Dunia uliozaa Sinza na Kijitonyama, usiku walikuwa wanasikia vyura. Ninapoandika hapa nasikia singeli na mtu anayeomba arudishiwe kipaza sauti.

Dalali wetu ni kijana mpole mwenye uongo mmoja tu, nao ni wa umbali. Kila nyumba iko "dakika tano kutoka lami". Ya Kinyerezi tulipanda bajaji, tukashuka, tukatembea, tukauliza njia kwa watu waliotuhurumia. Ya Segerea ilikuwa nzuri kweli, vigae vipya, jiko lina makabati, ila jirani ni fundi wa kuchomelea mageti na alikuwa kazini. Elfu ishirini ya kutuzungusha ameshakula na hairudi, hilo tulikubaliana naye mwanzo.

Halafu Goba. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule ya kutosha meza, nyumba nzima peke yake ndani ya fensi. Laki nne na nusu kwa mwezi, wanataka miezi sita. Jumla 2,700,000, na mwezi mmoja wa dalali juu yake, 3,150,000 kabla hujalipa hata gari la kuhamisha kabati. Iko mlimani, barabara ya mwisho ni udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha sijui bodaboda zitapandaje. Kutoka pale mpaka ofisini kwangu Posta ni daladala hadi Mbezi Mwisho ndipo nianze kugombania mwendokasi. Haya yote nilikuwa nayahesabu kichwani pale getini. Ndipo Salma, aliyekuwa ametangulia ndani, akarudi mbio: "Mama, umeme umekatika?"

Umeme ulikuwepo. Ni kwamba mtoto huyu hajawahi kukaa mahali kimya isipokuwa TANESCO wanapokata. Nikajikuta nimeacha kuhesabu.

Basi tukaingia. Nikamshika Bibi mkono nikampeleka chumba cha kushoto. Nikamwambia, "Mama, hiki chako. Dirisha linatazama mwembe, na choo kiko hapo mlangoni, usiku huhangaiki." Akagusa nondo za dirisha. Akatazama dari. Akasema yale ya upepo.

Dalali akadakia, "Bibi, si ndiyo wewe mwenyewe huyo!"

Bibi akacheka. "Mie nimewasindikiza tu, baba."

Baba Idi alikuwa amesimama mlangoni. Nikamtazama. Akamgeukia kijana anayetunza nyumba akamuuliza kama maji ya DAWASA yanafika kila siku au kwa mgao. (Kwa mgao. Kuna tangi la lita 2,000, na yakigoma mnanunua boza.) Akaendelea na maswali yake ya kiume: kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme wa LUKU tangu 2021, je, mwenye nyumba ataipunguza kwenye pango letu? Yule kijana akamwangalia kwa huruma kama anavyoangaliwa mgeni aliyeuliza bei ya maji ya kisima.

Nimeyarudia maneno yale nikiwa nimebanwa mlango wa mwendokasi, nikiwa napanga risiti za wakaguzi, nikiwa naosha vyombo. Kwenye marudio mengine Baba Idi anajibu pale pale, "Mama, unatusindikiza wapi?" na sote tunacheka na yanaisha. Kwenye marudio mengine najibu mimi, na kila jibu ninalolitunga linakuwa refu mno kwa mkwe kumwambia mama mkwe mbele ya dalali. Kuna wakati nakumbuka alicheka kabla ya kusema, kuna wakati baada. Nimemuuliza Baba Idi alicheka lini, akaniuliza naumwa nini.

Yeye anasema mama yake yuko hivyo. "Mama hata chai hukataa kwanza." Sawa. Lakini chai tunamkaribisha tena, na tena, mpaka anapokea. Chumba kile hakuna aliyemkaribisha mara ya pili. Tulihamia kwenye maji.

Jumatano wifi mkubwa akapiga simu kutoka Muheza, tukamaliza habari za mahari, nani kaja, nani kanuna, nani kala bila kuchangia. Mwishoni kabisa akasema, "Halafu mama aliniuliza kama bati za chumba cha uani zimeshabadilishwa. Nikamwambia bado. Kwani anakuja lini?" Nikamwambia salio linaisha. Yeye ndiye aliyepiga.

Ninachokihisi ni hiki. Wiki iliyopita usiku tulikaa sebuleni tukipiga hesabu. Baa ilikuwa imechangamka, na katika nyumba hii baa ikichangamka hata "nipe chumvi" inasemwa kwa kupaza sauti. Hesabu zetu zilipazwa. Vyumba viwili laki tatu. Cha tatu kinaongeza laki na nusu. Kwa miezi sita ni laki tisa. Mlango wa chumba cha watoto haufungi vizuri tangu Salma aning'inie kitasa. Na mwanamke aliyesomesha watoto kwa machungwa, akayauza kwa gunia na kwa rejareja barabarani, hahitaji mtu wa kumwambia laki tisa ni za nani.

Nilikuwa nimefika hapo leo mchana, nimesimama foleni ya benki na moyo mzito, simu ikaita. Dalali.

"Mama Idi, samahani kukusumbua. Bibi ananipigia."

"Bibi yupi?"

"Bibi wa kwenu. Anauliza mwenye nyumba anaruhusu kuku? Nikamwambia nitauliza. Kapiga tena, anasema nikishauliza nimwambie jua la asubuhi linaingilia upande gani, asije akajenga banda likakosa jua."

Nilicheka mpaka mlinzi akasogea. Namba kaipata wapi? Kwa Idi. Jumapili ile ile, tukiwa tunashuka mlima kwenye bajaji, mimi mbele nimenuna kimyakimya, wao nyuma wanaandikishana namba kwa herufi kubwa juu ya kipande cha boksi la biskuti. Na mtoto hakusema neno. Huyu naye nitazungumza naye.

Sasa habari mbaya: mwenye nyumba amesema kuku hapana, watamchafulia pavingi. Baba Idi alikuwa amejipanga kupambana kodi ishuke iwe laki nne. Nimemwambia asahau kodi, aombe kuku. Watatu tu, tetea, bila jogoo, majirani wasije wakalalamika, maana ukimya ule ndio tunaoununua. Ameniangalia sana. Kisha akauliza kama tetea bila jogoo wanataga. Wanataga, Baba Idi.

Kuhusu bati za chumba cha uani sijamwambia, na Bibi mwenyewe sijamuuliza lolote. Usiku huu tumekula pamoja, ameongelea bei ya nazi na kwamba mchicha wa Dar hauna ladha, amekwenda kulala. Inawezekana anataka kuku awe nao hapa. Inawezekana anawaacha wajukuu na kuku ndipo aondoke. Kesho jioni tunarudi Goba kuonana na mwenye nyumba mwenyewe, na Bibi ameshatoa baibui lake la kutokea.

Lingine: fundi wangu wa Mwenge hapokei simu tangu Jumanne. Kicheni pati ya mwenzetu wa ofisini ni Jumamosi, kitambaa ni cha sare, na dukani kimeisha, nimeulizia mpaka Kariakoo. Nimepitia kibandani kwake jioni nikakuta kufuli. Muuza chapati wa jirani anasema alimwona asubuhi anapanda gari la Mbagala na mifuko miwili mikubwa. Kama kitambaa changu kiko kwenye mfuko mmojawapo, nataka kujua kinakwenda kushonwa au kinakwenda kuuzwa.