Alama ya tovuti na mwezi wa kupanda mahindi: uzoefu wangu Lubumbashi

Ninaendesha tovuti ndogo ya Kiswahili kuhusu mahindi na mboga, kwa ajili ya watu wa Lubumbashi wenye kipande cha shamba upande wa barabara ya Kipushi au ya Likasi, ambao wengi wao hulima mwisho wa juma tu. Wenzangu wanaoandika kwenye intaneti hupenda kuniuliza alama ya tovuti yangu ni ngapi, yaani namba inayotolewa na kampuni za intaneti kupima nguvu ya tovuti, nami huwajibu kwamba siitazami. Nafasi ya ukurasa katika matokeo ya Google inanihusu sana, lakini kwa kurasa chache tu, na kazi yangu imekuwa kuzitambua hizo na kuziacha nyingine.

Alama inayotajwa zaidi ni Domain Authority, ya kuanzia 1 hadi 100. Hukokotolewa na kampuni ya Moz, ambayo yenyewe inaeleza kwamba Google haiitumii katika kupanga matokeo. Hutegemea hasa viungo (linki) vinavyotoka tovuti nyingine kuja kwako, tena kwa kulinganishwa na tovuti zote, hivyo inaweza kushuka kwa sababu tu wakubwa wameongeza viungo, hali wewe hukugusa kitu. Google nayo iliwahi kuonyesha hadharani alama ya PageRank, ya 0 hadi 10, iliyotokana na kazi ya Larry Page na Sergey Brin katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2016 iliiondoa machoni pa watu, ingawa uchambuzi wa viungo ungali sehemu ya mitambo yake ya ndani. Alexa, huduma iliyopanga tovuti kwa makadirio ya wingi wa wageni, ilifungwa Mei 2022. Waliojivunia namba hizo wameshatafuta nyingine za kujivunia.

Mimi hufungua Search Console, chombo cha bure cha Google kinachoonyesha maneno ambayo watu waliyaandika, mara ambazo ukurasa wako ulitokea mbele yao, mara ulizofunguliwa na wastani wa nafasi yake. Kwa maneno "kilimo cha mahindi" niko mbali, nyuma ya tovuti kubwa za Tanzania na Kenya, na nimeamua kubaki hukohuko, kwa kuwa anayeuliza hivyo huenda yuko Mbeya au Eldoret na tovuti hizo zinamjibu vizuri kuliko mimi. Lakini mtu wa Katuba au Ruashi anapouliza mahindi yapandwe mwezi gani, mambo hubadilika. Kurasa nilizozikuta juu ya wangu zilizungumzia mvua za masika zinazoanza Machi, ilhali kwetu msimu wa mvua ni mmoja, unaoshika karibu na Novemba na kukatika Aprili. Mtu wa hapa akipanda Machi kwa kufuata ukurasa wa kwanza, mahindi yake yatatoa mbelewele udongo ukiwa umekwisha kukauka, na unga wa bukari, ugali wetu, atalazimika kuununua sokoni. Kwa swali hilo sikuridhika na nafasi ya nane wala ya tano.

Niliandika upya kichwa cha ukurasa ili kitaje Lubumbashi na Novemba, nikaweka jibu katika sentensi ya kwanza kabla ya maelezo ya udongo na mbolea, na nikapunguza uzito wa picha, kwa sababu wasomaji wangu hununua megabaiti kwa kiasi kidogo na hawasubiri. Viwavijeshi vamizi, ambavyo viliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, nilivipa ukurasa wao, kwani anayevitafuta tayari ana majani yaliyotobolewa na hana haja ya kusoma habari za kupanda. Ushirika mmoja wa wakulima ukaweka kiungo cha ukurasa wa kupanda bila kuombwa. Viungo vya kununua nilivikataa nilipoletewa bei. Google huvipiga vita waziwazi, na mwaka 2012 ilibadilisha mfumo wake wa kupanga matokeo, kwa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, ili kuvikabili.

Jambo linalohitaji uangalifu ni ule wastani wa nafasi. Wakati wa kiangazi wanaouliza habari za kupanda ni wachache mno, na watu wachache wanatosha kuupandisha au kuuangusha wastani huo, jambo ambalo humtia mtu hofu bure mwezi wa Julai. Kwa kuwa Search Console huhifadhi takwimu za miezi 16, mimi hulinganisha Novemba na Novemba iliyotangulia.

Ni takwimu hizohizo zilizonisaidia mfanyabiashara mmoja wa mbegu alipokuja kuzungumzia tangazo, akiwa ameambiwa asilipe kabla ya kujua alama. Nilimwambia, "Papa, alama hiyo haitakuonyesha kama wanaosoma wanaishi hapa," kisha nikamfungulia orodha ya maneno yanayotafutwa: mwezi wa kupanda, mbegu inayowahi kukomaa, viwavi, Lubumbashi, Kipushi. Akaisoma polepole kwenye simu, akasema hao ndio wateja wake, akauliza bei ya mwaka mzima. Nilimshauri alipie Oktoba hadi Desemba tu, kwa sababu Februari hakuna anayetafuta mbegu ya mahindi kwetu.