Siku moja na fraktali, toka alfajiri mpaka usiku

Saa 11 alfajiri. Hata uso sijanawa nishafungua laptopu, jana usiku niliiacha inarenda picha ya fraktali (umbo la hesabu linalojirudia ndani kwa ndani kila ukisogea karibu), yaani inaihesabu pikseli kwa pikseli mpaka itoke, na mi kompyuta ikiwa kazini usingizi wangu unakuwa wa mang'amung'amu. Imefika asilimia 94. Hii ni oda ya bango la A2, kwa nukta 300 kwa inchi inatakiwa pikseli 4,961 kwa 7,016, ila mi huwa narenda mara mbili ya hapo kila upande halafu naipunguza, ndo vile vistari vyembamba vinatoka laini bila meno. Kwa hiyo kompyuta ina pikseli milioni 139 za kuhesabu, na zingine inazirudia mara elfu ishirini kabla ya kukubali kuziacha.

Hesabu yenyewe ni fupi mno. Kila pikseli ina namba yake. Unaanza na sifuri, unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha namba ya hiyo pikseli, jibu unalirudisha tena mwanzoni, hivyo hivyo. Likishavuka umbali wa 2 kutoka sifuri limeshatoroka, harudi mtu, na idadi ya marudio mpaka hapo ndo inakupa rangi. Zisizotoroka kabisa unazipaka nyeusi. Basi, hakuna kingine, seti nzima ya Mandelbrot imetoka humo.

Saa 1 asubuhi imeisha. Kwenye hiyo seti nilienda kwenye lile bonde linaloitwa la farasi wa baharini, pale mwili wake mkubwa wenye umbo la moyo unapokutana na duara la kushoto, mikia imejikunja kama ya farasi wa baharini kweli. Sehemu maarufu, kila anayeanza anapita hapo, lakini ukizama taratibu bado unapata kona ambayo unahisi hakuna aliyewahi kuisimamia. Usizame tu bila kuangalia: namba za kawaida za kompyuta zina tarakimu kama 16, ukizumu kupita mara trilioni kumi hivi picha inaanza kuvunjika vibox vibox, hapo unahitaji programu yenye hesabu ndefu zaidi.

Saa 3. Nimeifungua kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, na roho ikashuka. Ile anga ya bluu ya juu imekatika ngazi ngazi. Nikasogea mpaka nikahesabu: bluu nzito inapauka kidogo kidogo kwenye urefu wa pikseli 4,000, na katikati hapo kuna vivuli 40 tu, yaani kila ngazi ina upana wa pikseli 100, jicho lazima lione! Kumbe nilitoa faili la biti 8, ambalo lina hatua 256 tu kwa kila rangi. Bahati nzuri huwa nasevu data ya marudio yenyewe mbali na picha, kwa hiyo sikurenda upya, nikapaka rangi tena na kutoa biti 16 kwa dakika chache. Kama unaanza hii kazi shika hilo moja, sevu data.

Toka saa 4 mpaka saa 9 mchana ni leya, yaani matabaka ya picha yanayopandana. Ya chini ni rangi. Juu yake nimeweka renda ya pili ya eneo lile lile, nyeusi na nyeupe, inayopima pikseli iko mbali kiasi gani na ukingo wa seti, nikaiweka modi ya Multiply, ambayo giza la leya ya juu linatia giza ya chini, mistari ikasimama kama imechorwa kwa kalamu. Halafu maski (kifuniko cha kuchagua sehemu gani iguswe), na brashi laini kubwa, napunguza mwanga pale ambapo vitu vimejazana mpaka jicho halina pa kupumzika. Hapa ndo nakaa sana. Watu wananiambia kompyuta ndo imechora, na mi naheshimu hiyo hesabu kuliko wanavyodhani, lakini hesabu haijui mkia upi uwe mbele na upi ukae gizani. Mandelbrot mwenyewe, yule mwanahisabati aliyelitunga jina fraktali mwaka 1975 kutoka neno la Kilatini la kitu kilichovunjika, mwaka 1980 alikuwa anaiangalia hii seti kwenye karatasi za nyeusi na nyeupe huko IBM, kampuni ya kompyuta. Umbo lilikuwepo lote. Hizi bluu na dhahabu kuna mtu anazichagua, moja moja, na anaweza kukosea.

Saa 10 jioni naangalia picha itakavyokuwa kwenye wino. Zambarau ya skrini wino hauifikii, imefifia kabisa, nikaivuta kuelekea nyekundu kidogo na kuongeza giza pembeni ili ile iliyobaki ionekane inawaka. Mwisho noizi (chembechembe za kutawanya rangi) nyepesi mno juu ya anga, isirudi kuwa ngazi.

Saa 2 usiku napita picha yote kwa asilimia 100, kipande kwa kipande. Katikati ya mzunguko wa chini kulia nikakuta nukta nyeusi, nikajua ni uchafu, nikashika brashi niifute. Nikazumu kwanza. Seti nzima ipo pale, moyo wake na duara lake, upana haufiki pikseli 30. Nikaweka brashi chini, nikaipa mwanga kidogo sana pembeni, nikasevu.

Mteja sijamwambia iko wapi.