Tembe za sarafu za Wakelti: acheni kumimina

Wakelti, watu wa kale wa Ulaya, walipiga sarafu kutokana na tembe, yaani vidonge vidogo vya madini vinavyofuliwa kuwa bapa kisha kupigwa muhuri. Kila niliyemuuliza namna ya kuzitengeneza alinipa jibu moja: yeyusha madini ya fedha kwenye chungu, kisha mimina kwenye vishimo vya bamba la udongo. Nikafuata, nikaharibu siku nzima na fedha chakavu ya bei ya matumizi ya nyumbani ya wiki mbili hivi.

Kishimo kina upana wa milimita 12 na kina cha milimita 8. Tembe ya gramu 1.2 haijazi hata robo yake. Tone dogo kiasi hicho huganda kwenye mdomo wa chungu kabla halijadondoka. Ukiinamisha zaidi, zinatoka gramu tatu kwa mpigo, nyingine zinamwagika ukingoni. Vishimo 25 vilinipa tembe nne tu zinazokaribiana uzito. Kwa sarafu ambayo thamani yake ni uzito wa madini, hiyo si kazi.

Jibu limo kwenye vipande vya mabamba ya kale yenyewe. Old Sleaford, mashariki mwa Uingereza, vimechimbuliwa maelfu. Vipo pia St Albans, Verulamium ya kale, na Braughing. Vingi vina uso wa juu ulioyeyuka ukang'aa kama kioo, huku chini udongo umeiva tu. Moto ulitoka juu! Madini ya kumimina yasingeunguza hivyo.

Nikaanza upya. Udongo wa mfinyanzi, mchanga laini theluthi moja, pumba kidogo. Ukikosa pumba bamba hupasuka likipata moto wa ghafla. Likauke kivulini wiki nzima ndipo ulichome. Ndani ya vishimo nilipaka uji mwepesi wa chaki mara mbili ili fedha isigande kwenye udongo.

Kazi kubwa ni mzani. Nilikata fedha na shaba, tisa kwa moja, vipande kama punje za mchele, nikapima gramu 1.2 kwa kila kishimo. Mchanganyiko huo huyeyuka mapema kuliko fedha tupu, inayotaka nyuzi 962 za Selsiasi. Juu nikafunika makaa yaliyopondwa, nikapuliza kwa mvukuto kutoka juu, mshazari. Makaa hula hewa, kwa hiyo shaba haiungui ikawa nyeusi. Ukiacha kupuliza mapema, unapata vipande vilivyoshikana tu. Ukivumilia, vinajikusanya ghafla na kuwa duara, kama maji juu ya jani la myugwa. Tembe 23 kati ya 25 zilitoka safi.

Kuzifua ziwe bapa ni rahisi, ila baada ya mapigo machache zipashwe tena hadi wekundu hafifu, la sivyo ukingo unachanika. Michaniko hiyo utaiona kwenye sarafu nyingi za kale.

Muhuri wa chini, ambao tembe hulazwa juu yake na kupigwa, niliuchonga kwa shaba nyeusi, uso umebonyea kama kijiko, ndiyo maana sarafu nyingi za Wakelti zimebonyea upande mmoja. Nao ni mpana kuliko tembe, kwa hiyo picha haienei yote. Farasi wa kwenye sarafu zao, mrithi wa farasi wa mkokoteni kwenye sarafu za dhahabu za mfalme wa kale Philip II wa Makedonia, mara nyingi hukatwa miguu au kichwa. Wangu alikosa kichwa. Mzani ulisoma gramu 1.19.