Pumzi, nyuki na maziwa: nilivyopata kutulia Pune

Muhula wa pili wa masomo yangu Pune, India, usingizi ulinikimbia. Nalala saa nne, saa saba nimeshaamka, moyo unadunda kama mtu aliyepanda ngazi mbio, na hapo ni macho mpaka alfajiri. Daktari alinipima moyo, damu na tezi ya shingo, hakuona kitu. Akaniambia nipunguze mawazo. Nilirudi nyumbani na ushauri huo mkononi kama mtu aliyepewa kufuli bila ufunguo.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kimarathi, mjane, mwalimu mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Kaku, ndivyo Wamarathi wanavyomwita mke wa baba mdogo, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita bala, yaani mwanangu, na masikio yangu ya Kiswahili yalichukua muda kulizoea neno hilo. Nyumbani kwake haikuingia nyama wala samaki. Mtoto wa Tanga nilikubali sharti hilo, ingawa kwa miezi ya mwanzo nilikuwa naota changu wa kupaka.

Alfajiri, wakati mimi naukunja mswala, Kaku alikuwa tayari uani mbele ya mtulasi wake. Mtulasi ni ndugu wa mrihani wetu, na majani yake ukiyafikicha harufu yake inakurudisha pwani. Wao huupanda juu ya kijinara kidogo cha saruji na kuuzunguka kwa heshima. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezama ndani ya kifuko cha kitambaa kinachoitwa gomukhi. Humo mna mala, uzi wa shanga 108, na kazi ya kuzivuta moja moja ukilitaja jina la Mungu wako wanaiita japa. Kifuko kinazificha shanga ili hesabu ya mtu isiwe maonyesho. Kuna shanga moja kubwa, meru, ambayo haivukwi: ukiifikia unaigeuza mala na kurudi ulikotoka. Na kidole cha shahada hakigusi shanga kabisa, kwa sababu kwao ni kidole cha umimi. Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Kidole ambacho mimi nakiinua katika sala kumshuhudia Mungu mmoja, Kaku anakiweka pembeni ili asijitangulize mbele ya Mungu.

Asubuhi moja akaniuliza, "Bala, usiku unatembea na nani?" Alikuwa akizisikia ndara zangu. Nikamweleza yote. Akaingia ndani, akarudi na blanketi lililokunjwa mara nne, akaniambia nikae.

Mimi yoga nilikuwa naijua kama watu wengi wanavyoijua: kujipinda mpaka goti liguse sikio. Kaku alisema hayo yapo na yana faida zake, lakini neno lenyewe la mikao hiyo, asana, maana yake ni kikao. Patanjali, ambaye mafundisho yake ya yoga yamekusanywa katika aya fupi takriban 196, alitumia aya tatu tu kuzungumzia mkao, na ya kwanza ina maneno matatu: sthira sukham asanam. Kikao kiwe imara na kiwe cha raha. Basi. Kukaa chini si kazi kwa mtu aliyelelewa mkekani, ila mgongo wangu ulikuwa umezoea kuegemea. Blanketi chini ya makalio liliyainua kidogo, magoti yakashuka, uti wa mgongo ukasimama wenyewe. Siku tatu za kwanza hatukufanya kingine ila kukaa.

Siku ya nne akanifundisha nadi shodhana, kusafisha njia. Mkono wa kushoto unatulia juu ya goti. Wa kulia unakunja kidole cha shahada na cha kati kwenye kiganja. Dole gumba linaziba tundu la kulia la pua, unavuta pumzi kwa kushoto. Kisha kidole cha pete kinaziba kushoto, unatoa kwa kulia. Unavuta kwa hiyo hiyo ya kulia, unatoa kwa kushoto. Huo ni mzunguko mmoja. Tundu la kushoto kwao ni la ida, njia ya mwezi, na la kulia ni la pingala, njia ya jua. Nilihesabu nne kuvuta na nne kutoa, mizunguko kumi.

Wiki nzima sikuona kitu. Nikaharakisha. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mabingwa huibana pumzi kwa kipimo cha moja, nne na mbili: kama umevuta kwa hesabu ya nne, unaibana kwa kumi na sita na kuitoa kwa nane. Usiku nikajaribu peke yangu kitandani. Kichwa kikazunguka, vidole vikafa ganzi, moyo ukaenda mbio kuliko siku zote. Asubuhi Kaku aliniona usoni kabla sijasema. Alikasirika kweli. Akanikataza kubana pumzi hata kidogo, na badala yake nikaambiwa nirefushe kutoa: kuvuta kwa nne, kutoa kwa sita, na baadaye nane. Pranayama, yaani mazoezi haya ya pumzi, alisema, wengine huisoma prana na yama, kuzuia, lakini waweza pia kuisoma prana na ayama, kutandaza. Mimi nimeshika hiyo ya pili, kwa sababu ile ya kwanza ilinitia kizunguzungu.

Hapo ndipo nilipoanza daftari la maneno, maana niligundua kuwa nilikuwa nikilielewa vibaya neno na mwili nao unakosea. Prana niliandika "roho". Kaku akaniuliza roho ni nini, nikamweleza tunavyoamini sisi. Akatikisa kichwa: hilo ulilolisema liko karibu zaidi na atman. Nikafuta, nikaandika "pumzi". Akaweka kiganja juu ya tumbo langu, tulikuwa tumetoka kula, akaniuliza nani anasaga wali humo ndani. Hiyo pia ni prana, kwa jina la samana. Inayosukuma taka chini ni apana. Inayopandisha sauti kooni ni udana, na inayoenea mwili mzima ni vyana. Nikafuta tena, nikaandika "uhai unaotembea", na pumzi nikaiandika chini yake kama mlango. Tangu siku hiyo niliacha kuivuta pumzi kama kamba ya kisima. Nikawa nausikiliza uhai ukiingia na kutoka.

Lililonishinda muda mrefu ni aya ya pili ya Patanjali, yogash chitta vritti nirodhah, ambayo ndiyo inasema yoga ni nini. Chitta si akili tu wala si moyo tu. Vritti ni mizunguko yake. Nirodha nikaambiwa ni kuzuia, na usiku nilikuwa nikiyazuia mawazo kwa nguvu zote, nayo yanazidi.

Tulikuwa jikoni Kaku anapika chai. Maziwa yakaanza kupanda kwenye sufuria, yale mapovu yanayokuja juu ghafla. Nikanyosha mkono kuchukua mfuniko. Akaushika mkono wangu, na kwa mkono mwingine akapunguza moto. Maziwa yakashuka yenyewe. Hakusema kitu, alinitazama tu, kisha akatia tangawizi. Nikaenda kuchukua daftari. Niliandika "kutulia", na ndani ya kutulia mimi nasikia kutua, kama mchukuzi anayeuweka mzigo chini.

Sasa niseme suala la dini, kwa sababu najua wapo watakaoliuliza kabla ya yote, na wana haki. Kaku alianza kikao chake kwa Om. Mimi sikuitamka. Om ni sauti takatifu kwao, na maneno matakatifu ya watu si nyimbo za kujiburudisha. Nilimwambia wazi, nikihofia ataumia. Akasema, "Basi vuma kama nyuki." Akanifundisha bhramari: vidole gumba vinaziba masikio, mdomo umefungwa, meno hayagusani, unatoa pumzi kwa mvumo mrefu wa nyuki. Hakuna jina, hakuna neno. Fuvu zima linatetema kwa ulaini, na pumzi inajirefusha yenyewe bila kuhesabu.

Najua pia kwamba mwaka 2008 baraza la taifa la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga kwa sababu ya mambo ya ibada ya Kihindu yaliyomo. Siwabezi, wameona hatari ya kuchanganya. Lakini najua vilevile kwamba Al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu wa karne ya 11, alijifunza Kisanskriti, akayatia mafundisho ya Patanjali katika Kiarabu ili wasomaji wake wajue Wahindu wanasema nini kwa maneno yao wenyewe. Kwangu mimi huyo alikuwa mwenyeji wa njia. Kilicho ibada ya Kaku nilimwachia Kaku. Kilicho pumzi nilichukua, na nilikuwa nikikitaja kilikotoka. Kuvunja mlango na kuondoka na vyombo huku ukidai ni vyako, hilo nililiona kosa kubwa zaidi.

Mwezi Juni palkhi, yaani machela ya hija, ilipita Pune. Wanaoifuata ni mahujaji wa Kimarathi, Wawarkari, wanaotembea kwa miguu karibu wiki tatu hadi Pandharpur kwa mungu wao Vithoba, wakibeba nyayo za mtakatifu wao Dnyaneshwar kutoka Alandi. Tulisimama barabarani tangu saa kumi na mbili asubuhi tukigawa chai. Mzee mmoja miguu imepasuka, matope mpaka magotini, alipokea kikombe changu, akaniita "Mauli", mama, kisha kabla sijajua la kufanya akainama na kuigusa miguu yangu. Ndivyo wanavyosalimiana njiani, kila mmoja ni Mauli. Neno bhakti nilikuwa nimeliandika "ibada". Siku ile nikaongeza "mahaba" pembeni.

Ni siku hiyo hiyo nilipoondokewa na utata wa samadhi. Kwa Patanjali samadhi ni hatua ya nane na ya mwisho, mtu anapozama mpaka kinachotazamwa kinabaki peke yake. Lakini Kaku alisema wametoka "kwenye samadhi ya Alandi", na huko ni kaburi. Dnyaneshwar, wanavyosimulia, mwaka 1296 alijiingiza mwenyewe chini, akakaa katika samadhi, mlango ukafungwa. Kwa hiyo pale alipozama ndipo watu wanapozuru. Mtu wa pwani aliyekwenda kuzuru makaburi ya masharifu hahitaji kuelezwa zaidi.

Usingizi ulirudi wiki ya sita. Haukurudi wote: usiku mmoja nililala mpaka saa kumi, uliofuata nikaamka saa nane, kisha tena mpaka adhana. Sikuacha kwenda kwa daktari, na mwenye shinikizo la damu au pumu asianze kubana pumzi kwa kusoma maneno ya mtu kama mimi. Utaratibu wangu ni huu mpaka leo: baada ya sala ya alfajiri, mizunguko kumi ya nadi shodhana, kutoa kurefu kuliko kuvuta, halafu mivumo mitano ya nyuki, halafu dakika chache za kukaa tu.

Nimerudi Tanga. Juzi mama alinikuta barazani masikio nimeyaziba, navuma. Alingoja nimalize, akaketi pembeni yangu mkekani, akaweka tasbihi yake mapajani, akaniuliza vidole vinakaa wapi.