Hicho hatukihesabu

Leo Jumanne, siku ya tatu tangu tutoke Kigamboni, na bado sauti ya shoga yangu H. inanifuata, nikiosha vyombo ipo, kwenye mwendokasi ipo, jana stoo nilikuwa naandika namba za filta kwenye daftari nikajikuta nimeandika "hatu". Kwa hiyo naandika hapa labda itaisha.

Utaratibu wetu mnaujua. Kila Desemba tunakutana sisi saba, kila mtu anakuja na kitabu kimoja tu kilichomkaa mwaka mzima, anakiinua, anasema kwa nini, tunakula pilau ya Da' Mkubwa halafu tunarudi na pantoni tukiwa tumeazimana vitabu ambavyo wote tunajua havitarudi. Mwaka huu mvua ilitukuta kule kule, ila vitabu vilikuwa vizuri. Da' Mkubwa alikuja na Peponi, ile ya Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, akatueleza yule mtoto Yusuf anavyobebwa kwa deni la baba yake huku akidhani anaenda kutembea kwa mjomba, mpaka mwenye pilau akasahau kupakua. (Mi hapo huwa nina neno langu: mtu mzaliwa wa Unguja kaandika kitabu 1994, ikabidi kwanza Wazungu wampe Nobel 2021 ndo sisi tukipate kwa Kiswahili. Haya, tuendelee.) Kaka wa Tabata akaleta Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, akasema ameisoma kwa hasira, na akaisoma tena. Mmoja alileta kile cha Kiingereza cha kutajirika, kila mwaka analeta cha kutajirika, na kila mwaka nauli ya kurudi tunamchangia.

Ikaja zamu yangu. Nikaingiza mkono kwenye mkoba, nikakitoa nusu, hata jalada halijaonekana lote, H. akalijua.

"Shoga, hicho si Watoto wa Mama N'tilie? Hicho tulikijibia mtihani. Hicho hatukihesabu."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti kuliko wote, nikakirudisha kwenye mkoba nikasema "aah nawatania," nikataja Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, nikaanza kuwaelezea Yasmin alivyoozwa kwa Raza wakati Raza ni wa kumzaa, maneno yananitoka mazuri kabisa, watu wanatikisa vichwa. Vuta n'kuvute nimeisoma kweli, lakini miaka sita iliyopita. Yaani nilisimama mbele ya watu wazima wenzangu nikadanganya kitabu. Nani anadanganya kitabu?

Tangu hapo najibu majibu ambayo hakuna aliyeyauliza. Usiku wa Jumapili jibu lilikuwa "kwani mtihani unaharibu kitabu?" Jumatatu asubuhi nikapata kali zaidi, "wewe ulikijibia, mimi nimekisoma," hiyo niliisema kwa sauti kituoni, dada mmoja akasogea pembeni. Jana mdogo wangu kajifungua salama, mapacha, wa kike na wa kiume, nitawaandikia siku nyingine nikitulia, na hata pale wodini nimembeba yule wa kike kichwa changu kiko Kigamboni natafuta jibu.

Ngoja niwaambie kilivyofika kwangu. Nilikinunua Machi, buku mbili, kwa wale wanaotandaza vitabu chini pale Posta. Ndani kuna majina ya watu wanne, matatu yamekatwa kwa kalamu, na pembeni mwa kurasa kuna penseli ya mwanafunzi fulani anayeandika kwa kukandamiza. Sikununua kwa ajili yangu. Nilinunua kwa sababu mama alikuwa anasubiri kufanyiwa jicho, mtoto wa jicho yote mawili kama nilivyowaambia, haoni hata tivii, amekaa tu anasikiliza majirani na kuwasahihisha. Na mama yangu mnamjua, miaka kumi na tisa ya wali maharage pale Buguruni. Nikasema huyu nimsomee habari za wenzake.

Alikuwa msikilizaji mgumu. Sijamaliza hata kurasa kumi akauliza, "Huyu mkaa anakopa kwa nani?"

"Mama, ni hadithi."

"Hata kwenye hadithi mkaa hauoti chini ya jiko. Endelea."

Walipofukuzwa shule Zita na Peter kwa ajili ya ada na sare hakusema kitu, alikuwa anakunja ncha ya kanga tu, anakunja anakunjua. Nilipofika kwa Lomolomo, yule baba mlevi, akainua mkono. "Mruke huyo. Twende kwa watoto." Nikamruka. Mzee wetu naye alikuwa wa pombe, mambo yake mmeshayasoma huku, sirudii. Tukaenda hivyo wiki nzima, nasoma kwa tochi ya simu umeme ukikatika, kila Lomolomo akiingia naruka kama mtu anayeruka dimbwi, na kitabu kinabaki na matobo lakini mama anakifuata tu, hapotei.

Siku moja nimechoka nimetoka kazini, macho yanafumba, nasoma tu mfululizo, mara nikasoma na ile penseli ya pembeni: "ulevi, hoja ya pili."

Mama kimya. Halafu: "Na ya kwanza ni ipi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni, na yeye akacheka, muda mrefu sana sijamsikia akicheka vile, akawa anafuta machozi kwa yale macho yasiyoona. Tulipotulia akasema, "Haya, rudi kule ulikoruka. Msome huyo bwana." Nikamsoma wote, kila alipo, mpaka saa saba usiku. Mama hakusema chochote. Asubuhi nikamkuta amekaa na kitabu mapajani, kimefungwa, anakipapasa lile jalada.

Sasa hayo ndo ningesema Jumapili. Dakika tatu tu.

Lakini leo mchana nikiwa nakula, ghafla nikakumbuka kitu, chakula kikanikwama. Fomu foo, mi mwenyewe hiki kitabu sikukimaliza. Nilisoma notisi za dada mmoja aliyetutangulia, wahusika, dhamira, ujumbe, nafasi ya mwanamke, hoja tatu kwa kila riwaya, mfano Lomolomo, mfano Zita, nikapata C yangu safi. Mama yangu alikuwa anaamka saa tisa usiku kuosha mchele ili nipate ada, na mimi nakariri kwamba "mwanamke amechorwa kama mchapakazi". Kwa hiyo H. hakukosea neno hata moja. Tulikijibia, hatukukisoma. Ile penseli ya kukandamiza ingeweza kuwa yangu.

Basi hasira imepungua, sijui imeenda wapi, imebaki aibu ambayo haina wa kumtupia. Mama sasa jicho la kulia linaona, la kushoto ni Februari, juzi ameniomba nimtafutie kingine "chenye watu wanaofanya kazi", nafikiria Kuli, ile ya wapagazi wa bandarini Unguja, ila najua ataanza kuuliza gunia moja wanalipwa shilingi ngapi na mimi lazima niwe na jibu.

H. kaandika saa kumi: "umeninunia?" Nimeandika "hapana", nikafuta, nikaandika "njoo Jumamosi mama anataka kukuona", sijatuma bado.

Na kesho tunafunga mwaka stoo. Beringi za Fuso daftari linasema 16, kwenye rafu ziko 12, nimehesabu mara tatu, nimepanda mpaka juu kwenye maboksi ya breki kuangalia kama zilichanganywa, hazipo. Karatasi ya kupokelea mzigo ina saini yangu, na bosi anarudi asubuhi.